Kwenda Msanzi kwa Matairi Laini

Sogeza kigoda karibu na jiko, ingiza mikono ndani ya sweta, unisikilize. Tangu shule ifunguliwe kila mtu ofisini ananiuliza lile lile: ilikuwaje huko Msanzi, na mbona sasa baiskeli yangu ina matairi yasiyo na meno? Nimewajibu vipande vipande kati ya kipindi na kipindi, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Mwalimu wa Hisabati anaamini nilikamatwa kwa wizi. Basi nimeona niandike yote pamoja, kwa kufuata njia yenyewe.

Kwanza ujue kwa nini nilikwenda. Naishi Kasense na mama yangu. Dada zangu wameolewa mbali, baba hayupo tena, kwa hiyo nyumba ile ni mimi, yeye na ng'ombe wake. Asubuhi nakwenda kazini mjini kwa baiskeli, jioni narudi. Mwaka huu baridi ilipoanza nilianguka mara mbili. Sikuanguka kwenye tope wala kwenye mvua. Nilianguka kwenye lami tupu, mahali ambapo hata kuku angepita bila kufikiri. Mara ya pili niliingia darasani na suruali iliyochanika gotini, na Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu mwema, akaniambia kuna chumba kitupu katika nyumba za walimu.

Mama aliposikia akasema nikichukue.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nitakaa na ng'ombe. Ng'ombe hawaanguki ovyo."

Nilimwambia kosa ni la matairi, nami nitayabadilisha. Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayesema mvua imechelewa kwa sababu ya redio. Mwishowe tukakubaliana hivi: shule ikifungwa, niende Msanzi kwa mdogo wake, Mama Leonsia, nimpelekee unga wa ulezi, kisha nirudi kwa baiskeli hiyo hiyo. Nikirudi bila mchubuko, nabaki Kasense. Nikianguka hata mara moja, nahamia mjini, naye hatasikia neno jingine.

Kasense hadi mjini

Jioni kabla ya kuondoka nilipunguza upepo kwenye matairi ya zamani. Nilikuwa nimesikia kwamba tairi laini kidogo hushika barabara vizuri zaidi, nikataka kujaribu angalau mpaka dukani. Nilitoa mpaka tairi likawa linabonyea chini ya kidole, nikaiegemeza baiskeli ukutani nyuma ya nyumba, nikalala.

Asubuhi nikabonyeza tena. Gumu kama jiwe.

Hapo nikasimama na kufikiri, maana jambo hili nalifundisha kila mwaka. Kitu kikipoa, hewa iliyo ndani yake husinyaa. Tairi lililokaa nje usiku kucha kwenye baridi ya mwezi wa saba linapaswa kuamka likiwa laini zaidi kuliko lilivyolala. Langu lilikuwa limeamka gumu. Nikalaumu kidole changu, kwamba kimekufa ganzi na hakisikii tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, blanketi mabegani, bakuli la uji mkononi.

"Yakoje?" akauliza.

"Magumu."

"Basi yako vizuri. Kunywa uji, uende."

Nikanywa, nikaenda. Nyasi za pembeni zilikuwa nyeupe kwa umande uliokaribia kuganda, na upepo wa kutoka mashariki ulikuwa ukipita shingoni kama mtu anayetafuta mahali pa kuingia. Kwenye kona ya mteremko gurudumu la nyuma likateleza upande, likarudi, nami nikabaki nimeshika usukani. Sikuanguka. Lakini nilishuka, nikaikokota baiskeli mpaka tambarare, na kila mwanamke aliyepita na ndoo akanipa pole kana kwamba nina msiba.

Mjini, dukani kwa Mama Suzi

Mama Suzi anauza vipuri vya baiskeli karibu na soko. Nilimkuta ndiyo kwanza anafungua, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Mwalimu, asubuhi hii? Umefukuzwa nyumbani?"

"Nataka matairi, mama. Nataka kuyapima kabla jua halijapanda."

"Kuyapima? Unanunua tairi au ng'ombe?"

Nikamweleza, na wewe nakueleza. Mpira hubadilika kwa baridi. Tairi lililoning'inia juani mchana, kila moja ni laini, kila moja linapendeza. Lakini mimi sipandi baiskeli saa nane mchana. Napanda saa kumi na mbili asubuhi, mpira ukiwa umepoa. Kwa hiyo tairi ni la kujaribiwa katika baridi ile ile litakamofanyia kazi. Unakandamiza ukucha kwenye sehemu inayogusa barabara. Mpira ukikubali na kisha kujirudisha, huo utashika lami. Ukucha ukiteleza kama juu ya sahani, achana nalo, hata likiwa limepambwa namna gani.

Mama Suzi alinitazama nikitia ukucha tairi moja baada ya jingine. Mwishowe akachoka kutazama, akavua glavu, akaanza kutia ukucha wake mwenyewe.

"Hili gumu," akasema. "Hili gumu. Ala! Kumbe hili nililokuwa nasifia ndilo gumu kuliko yote."

Lile aliloliita zuri lilikuwa la meno makubwa kama niliyokuwa nayo. Hapa kwetu tunayapenda hayo, maana masika tope la Ufipa linashika mtu mpaka kiatu, na meno huling'ata tope. Lakini lami tupu haina cha kung'atwa. Kinachogusa chini ni ncha za meno tu, mpira kidogo sana, na ncha zenyewe hupinda unapokata kona. Nikachagua tairi pana kiasi, lenye mifereji midogo ya kutolea maji na uso ulio karibu sawa. Mama Suzi akacheka.

"Hilo limenyolewa, Mwalimu. Watu watasema umeokota jalalani."

Tukayafunga, nikayajaza kiasi nilichotaka, yanabonyea kidogo. Nikakata kona mbili tatu pale pale mbele ya duka, baiskeli ikatulia kama imekaa. Nikaelekea njia ya Matai, inayokwenda Msanzi, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Sikujua kazi ndiyo inaanza.

Njiani, penye viazi

Unajua njia zetu. Mtu mzima hapitwi na baiskeli bila salamu. Unashuka, unainamisha kichwa, unapiga makofi taratibu, shikamoo, habari za nyumbani, za mavuno, za ng'ombe, ndipo unapanda tena. Ulikuwa wakati wa kuvuna, mikokoteni imejaa barabarani, kwa hiyo nilishuka mara nyingi kuliko nilivyopanda. Silalamiki. Kushuka kulinipasha miguu joto.

Taabu ni kwamba kila niliyemsalimia aliangalia tairi.

"Mwanangu, baiskeli yako imekwisha upepo."

"Ni laini makusudi, baba."

"Pole sana." Kama vile hakunisikia.

Wa kwanza kuchukua hatua alikuwa mtu wa makamo aitwaye Vitalis. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi, akaniona, akaegemeza mzigo wake wote kwenye gogo, jambo ambalo si dogo, kisha akachomoa pampu iliyofungwa kwenye fremu.

"Usihangaike, kaka," nikamwambia.

"Mshikaji, nyamaza. Huwezi kufika na hali hii."

Nikamwambia napenda hivyo. Akacheka kwa huruma, akapiga magoti, akajaza la mbele, akajaza la nyuma, jasho likamtoka katika baridi ile. Alipomaliza akayagonga kwa kofi na yakalia kama ngoma. Ungefanya nini? Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nikaenda mpaka nisipoonekana, penye banda la bibi mmoja anayeuza chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Nikaegemeza baiskeli nje, nikachuchumaa, nikaanza kutoa upepo.

"Wewe!" Bibi alitoka na mwiko. "Unatoa upepo baiskeli ya nani?"

"Shikamoo bibi. Ni yangu."

"Yako! Hakuna mtu mwenye akili anayetoa upepo wa baiskeli yake mwenyewe. Njooni mmwone mwizi anayewaharibia watu safari!"

Wakaja. Wanywaji chai wote wakatoka na vikombe vyao, na kila mmoja akaenda kuangalia kwanza baiskeli yake. Hapo ndipo ilipotoka hadithi ya Mwalimu wa Hisabati. Mara Vitalis naye akafika, anasukuma magunia yake, akaniona nimeshika kidude cha vali na upepo unafoka.

"Huyu namjua," akasema polepole. "Baiskeli ni yake. Na huo upepo anaoumwaga ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Niliona uso wake, nikaona nimemuumiza. Mtu ameacha mzigo wake, amepiga magoti kwenye kokoto kwa ajili yangu, nami nimesubiri anipe kisogo.

Nikamwomba bibi kiazi kibichi na kiazi kilichoiva. Akanipa huku bado ameshika mwiko. Nikaweka vyote viwili juu ya meza yake ya mbao, iliyojaa mikwaruzo na makombo.

"Kaka Vitalis, sukuma hiki kibichi."

Akakisukuma kwa kidole. Kikaruka juu ya makombo, kikaanguka chini.

"Sasa sukuma kilichoiva. Kikandamize kidogo."

Kikakaa. Kikajilaza juu ya makombo, kikayafunika, kikawa hakiendi popote hata kikisukumwa.

"Barabara hii ina mchanga, ina kokoto, asubuhi ina umande," nikasema. "Tairi gumu linaruka juu ya vitu hivyo. Laini linavikumbatia. Lakini ona, wewe una magunia mawili. Ukipunguza upepo, rimu itagonga chini na tyubu itapasuka. Wewe uko sahihi kabisa. Mimi nimebeba mfuko wa unga na mwili huu unaouona."

Vitalis akaniangalia toka juu hadi chini. Mwili wangu haukuhitaji maelezo mengi.

"Kwa hiyo mimi nilikupa kiazi kibichi," akasema.

"Ulinipa upepo wa magunia mawili. Sikuwa nayo tu."

Akacheka, na banda zima likacheka naye. Bibi akaokota kile kiazi kilichoanguka, akakipangusa. Kile kilichoiva akanipa nile, na chumvi.

"Lakini kijana," akasema, "ungemwambia mwenzio mapema. Watu wanaona tairi limelegea wanafikiri mtu huyu hana kwao."

Nilisikia maneno yale, nikayameza pamoja na kiazi. Sikuyafikiria tena mpaka kesho yake.

Msanzi kwa mama mdogo

Mama Leonsia ni mama yangu tena, ila mfupi zaidi na mwenye sauti kubwa zaidi. Alinipokea kwa makofi na vigelegele kana kwamba nimetoka ng'ambo. Akapima unga wa ulezi kwa mkono, akaunusa, akasema dada yake bado anajua kukaanga. Jioni tukala ugali wa ulezi na migebuka, samaki waliopandishwa kutoka ziwani, mafuta yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamsimulia habari ya chumba cha mjini. Akafuta mafuta kiwikoni.

"Dada hatasema," akasema, "lakini ukihama atakuwa anaongea na sufuria."

Kulipopambazuka nikatoka kunawa. Baridi ilikuwa kali, maji ya ndoo yakiuma kama sindano. Nyuma ya nyumba nikasikia mlio: fwii, fwii, fwii. Nikazunguka kona. Mama mdogo amejifunga khanga mbili na blanketi, amekanyaga mguu wa pampu, anajaza tairi langu la nyuma kwa nguvu zake zote. La mbele lilikuwa tayari jiwe.

"Mama mdogo, unafanya nini?"

"Nafanya kazi yangu," akasema bila kusimama. "Baba yetu alikuwa akienda ziwani kuleta samaki. Alfajiri sisi wasichana tulimjazia upepo. Mimi nilishika vali, dada akapiga pampu. Mtu akitoka nyumbani kwetu, hatoki na tairi legevu. Watu wakikutana naye njiani wajue ametoka penye watu." Akapumzika, akanitazama. "Kwani mama yako hakujazii?"

Nilibaki na maji yananidondoka kidevuni.

Sasa umeelewa, kama nilivyoelewa mimi pale. Jioni ile nilipunguza upepo, na asubuhi nikakuta mawe, kama ilivyokuwa msimu mzima wa baridi. Mama yangu alikuwa akiamka kabla yangu, anatoka kwenye baridi ile kwa miguu yake yenye maumivu, anajaza, anarudi jikoni kukoroga uji. Na kila nilipoanguka, bila shaka kesho yake alijaza zaidi.

Nilichuchumaa karibu na mama mdogo. Sikutaka kurudia kosa la barabarani, la kushukuru mbele na kumwaga nyuma. Nikamweleza yote, mpaka viazi.

"Kwa hiyo nikuache uondoke legevu," akasema. "Msanzi nzima itanionaje?"

"Si legevu. Kuna kipimo. Lete kidole gumba."

Nikatoa upepo kidogo, akabonyeza. Bado gumu. Nikatoa tena. Akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayechagua sokoni.

"Hili ni kama parachichi," akasema. "Si la leo. La kesho."

Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kueleza kiasi kile, na sikuwahi kupata maneno mazuri kama hayo. La mbele akalipima mwenyewe, akalifikisha kwenye parachichi la kesho, akafunga kifuniko cha vali kwa vidole vyake. Kisha akanipigia makofi ya kuniaga.

Kurudi, penye mahindi

Nilirudi mapema, baridi ikiwa bado imelala barabarani. Penye banda la chai bibi akanipungia mwiko. Watu wawili wakanisimamisha kwa ajili ya matairi, nami safari hii sikusema "ni makusudi" na kuondoka. Niliwaambia, "Amenijazia mama yangu mdogo wa Msanzi, kipimo chake ni hiki," nikawapa wabonyeze. Wakabonyeza, wakaridhika. Kumbe walichotaka kujua ni kama kuna aliyenijazia.

Kisha ikaja ile kona ya mteremko, karibu kabisa na nyumbani. Mkokoteni ulikuwa umepita mbele yangu na gunia lililotoboka. Mahindi yametapakaa lami nzima, njano, makavu, kila punje tayari kubingirika. Niliyaona nikiwa tayari nimechelewa kusimama.

Nikaacha breki. Nikanyoosha usukani, nikalegeza viwiko, nikaacha baiskeli ipite yenyewe. Nilisikia punje zikikandamizwa chini, tk, tk, tk, na matairi yakitikisika kidogo kila punje, lakini gurudumu la nyuma halikukimbia. Nilipofika upande wa pili nilishuka, si kwa kuanguka, kwa kupenda. Nikageuka, nikaanza kuyafagia mahindi pembeni kwa kiatu, maana nyuma yangu wapo wenye matairi ya meno.

Nyumbani

Mama alikuwa uani. Hakusema karibu. Alinijia moja kwa moja, akanikunjia suruali, akakagua goti la kulia, la kushoto, akageuza viganja vyangu juu na chini. Alipokosa mchubuko akavuta pumzi.

"Basi," akasema. "Nimesema sisemi tena."

"Mama, nani hujaza matairi yangu asubuhi?"

Akaangalia ng'ombe. "Leonsia ana mdomo mrefu."

"Hakusema. Nilimkuta na pampu."

Akapangusa mikono kwenye khanga. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Sikutaka watu wakuone unatoka nyumba isiyo na mtu. Na ulipoanguka nikajua sijazi vya kutosha."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba aache. Nilipomtazama vile, amesimama na mikono yake iliyopasuka kwa baridi, niliona kumbe sitaki aache. Nikaleta pampu, nikamwekea mbele. Nikaleta na parachichi kutoka jikoni, moja la kesho. Akabonyeza parachichi, akabonyeza tairi, akabonyeza parachichi.

"Kipimo hiki ndicho kilichokuleta bila kuanguka?"

"Hicho."

"Ungesema tangu mwanzo," akasema, "nisingechosha mikono."

Siku hizi anaamka kama zamani. Ila sasa mimi naamka naye, na tunabonyeza pamoja kabla ya uji. Chumba cha nyumba za walimu bado kitupu, kama kuna anayekitaka.

Nawe, ukitaka kuja kazini kwa baiskeli baridi hii, fanya hivi. Chagua tairi la mpira laini, lisilo na meno, na ulijaribu kwa ukucha asubuhi na mapema. Kisha kila siku kabla ya kupanda, baiskeli ikiwa imelala nje, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likiwa parachichi la kesho, nenda. Likiwa gumu na si wewe uliyelijaza, usitoe upepo kwanza. Rudi ndani, umwite aliyelijaza, abonyeze na wewe.